Plaji za Bujumbura: historia ya mchanga tuliokalia kama wageni



Katika mkutano wa mwisho wa chama kulitokea mabishano ambayo hayakuwa kwenye ajenda. Mwenzetu mmoja alisimama kuomba mkopo wa sanduku ili anunue parsela kando ya ziwa, pale ambapo maji yamerudi nyuma na kuacha mchanga. Bei ni nzuri, alisema, na upepo ni mzuri, na watoto watakuwa wanaoga mbele ya nyumba sawa vile kule Bujumbura. Mzee mmoja akamjibu kwa upole: "Mutoto wangu, ile si parsela. Ile ni kitanda ya ziwa. Ziwa ilienda kutembea, itarudi kulala." Watu walicheka. Halafu wakanyamaza, juu wengi wetu tuliokaa Bujumbura tuliliona kwa macho ziwa likirudi kulala.

Mkopo ule haujaamuliwa bado. Lakini maneno ya mzee yalitufanya tukumbuke zile plaji za Buja, ambapo tulipumzika Jumapili miaka mingi bila kujua mchanga ule umetoka wapi na umekuwa wa nani. Vijana wetu waliozaliwa kule wanauliza. Na wanamemba bado wanavuka mpaka kila wiki, kwa biashara, kwa hospitali, kwa kusalimia jamaa, na wakimaliza shughuli wanapenda kukaa kidogo kando ya maji. Kwa hiyo tunaandika mambo mawili kwa pamoja: historia ya plaji hizo, na namna ya kuzifurahia bila kupata shida. Mwishoni tutarudi kwa parsela.

Jua linazama kwetu

Bujumbura iko upande wa mashariki wa ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, Uvira iko upande wa magharibi. Kwa barabara si kilomita 30. Unatoka mjini, unavuka daraja la Rusizi Kubwa, unapita Gatumba, unafika mpaka kwenye Rusizi Ndogo, halafu Kavimvira, na uko nyumbani. Kwa macho ni karibu zaidi, juu katikati ni maji tu.

Ndiyo maana jioni ya Bujumbura ina uzuri ambao wageni wote wanausifu: jua linashuka nyuma ya milima mirefu na ziwa lote linageuka rangi ya shaba. Milima ile ni ya kwetu. Wengine walikuwa wanapiga picha, sisi tulikuwa tunatafuta kijiji. Kila mtu alidai anaona bonde la kwao, wengine hata paa la baba yao, na hakuna aliyewakatalia. Watoto walikuwa wanasikiliza, halafu wanauliza swali lao: "Mama, kama ule mulima ni kwetu, juu ya nini hatuendi?" Hakuna mzazi aliyekuwa na jibu fupi.

Leo tuko upande huu. Asubuhi jua linatoka nyuma ya milima ya Burundi, na usiku tunaona taa za Bujumbura zikiwaka ng'ambo. Wenye watoto waliobaki kusoma kule wanaziangalia taa hizo namna ileile tulivyokuwa tunaiangalia milima.

Kabla ya mchanga kulikuwa maji

Ziwa letu lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina chake kinafika mita 1470. Duniani ni Baikal tu, kule Urusi, linalolizidi kwa kina. Linagawanywa na nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mito mingi inaingia, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, ambao unapeleka maji Lualaba na hatimaye mto Kongo. Tukumbuke neno hili la mlango mmoja, juu historia yote ya plaji imefungwa hapo.

Wazungu walipofika, walikuwa na haja moja: chanzo cha mto Nili. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakapanda mitumbwi mpaka Uvira mwezi wa Aprili. Walikuwa wanatumaini kwamba Rusizi inatoka ziwani kwenda kaskazini, na kwa hiyo ndiyo Nili yenyewe. Watu wa Uvira wakawaambia wazi: Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Burton alihuzunika. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Stanley na Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi wakaenda kuangalia wenyewe, wakakuta ni kama wenyeji walivyosema. Katika safari hiyo walipita Mugere, kusini ya Bujumbura ya leo, ambapo jiwe kubwa linabeba majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Waongozaji wengine wanaambia wageni kwamba hapo ndipo wale wawili walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji. Lakini jiwe lenyewe ni la kwenda kuona, na ukisimama hapo unaliona ziwa lote la kaskazini.

Wakati ule Bujumbura ya chini haikuwa nchi kavu kama leo. Ziwa lilikuwa juu sana, juu ule mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Stanley aliuona umezibwa hivyo mwaka 1876. Maji yaliendelea kupanda mpaka mwaka 1878, ndipo yakavunja kizuizi na kumwagika upande wa Kongo. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10. Lilipoondoka, liliacha kando yake ukanda mpana wa mchanga na matope. Basi ule uwanja ambapo vijana wa Buja wanacheza mpira Jumapili, babu wa babu zetu wangeupita kwa mtumbwi.

Usumbura: nani alikaa karibu na maji

Kabla ya mji kulikuwa njia ya biashara. Wafanyabiashara wa Ujiji, waliounganishwa na Zanzibar, walikuwa wanapanda na mitumbwi mpaka ncha ya kaskazini. Burton aliikuta Uvira tayari ni kituo chao, mahali pa pembe za ndovu na watumwa. Tunalisema hili wazi, juu wako wanaopenda kusimulia enzi hizo kana kwamba zilikuwa za vitambaa na shanga tu. Upande wa Burundi, mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wasipande milimani, kwa hiyo walibaki kandokando ya ziwa. Pamoja nao kilibaki Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Uvira akiingia karitie ya Buyenzi hapotei: anasikia Kiswahili barabarani, msikitini, na kwa mafundi wa magari chini ya miti.

Wajerumani waliweka kituo cha askari Usumbura mwisho wa karne ya 19. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mzigo ulipita reli, halafu meli, mpaka kaskazini. Vita vya kwanza vya dunia vikaja hata ziwani kwetu. Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, wakizivusha nchi kavu ya Kongo mpaka karibu na Lukuga, na tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata mashua ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Mwezi wa Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura. Wakaufanya makao ya utawala wao wa Ruanda-Urundi, na mwaka 1925 wakaiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kwa mambo ya utawala. Makarani, askari na wafanyakazi wa Kikongomani walizidi kuvuka. Kwa hiyo sisi wakimbizi hatukuwa Wakongomani wa kwanza kulala Buja.

Mji ulipangwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na upande wao, Waasia walikuwa na karitie ambayo mpaka leo inaitwa ya Waasia, karibu na bandari na soko, na Waafrika waliwekwa Buyenzi na Bwiza, baadaye pia Ngagara, ambayo wazee bado wanaiita OCAF kwa jina la ofisi ya wakoloni iliyoijenga. Bwiza yenyewe wazee wanaiita Belge. Ukanda wa ziwa ulikuwa wa bandari, wa maghala na wa starehe za wakubwa. Mwafrika alikuja majini kwa kazi: kupakua mizigo, kuvua, kuchota, kufua. Katika miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta meli na nyavu kubwa za kuzungusha, na vijana wengi wa pande zote mbili walifanya kazi humo. Kukaa tu kwenye mchanga bila kazi yoyote, na mtoto pembeni na chakula mkononi, ni jambo lililokuja baadaye. Tusilidharau. Kuna watu walinyimwa hilo.

Usiku wa 13 Oktoba 1961

Mtu hawezi kuandika juu ya pwani ya Bujumbura bila kutaja kifo cha Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Chama chake, UPRONA, kilikuwa kimeshinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, na yeye alikuwa waziri mkuu. Haukupita mwezi. Usiku wa tarehe 13 Oktoba alikuwa anakula chakula cha jioni kwenye hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, alipopigwa risasi kutoka gizani. Aliyefyatua alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, na nyuma yake walikuwa wanasiasa wa upinzani. Rwagasore alizikwa Vugizo, kwenye kilima kinachoangalia mji na maji. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila yeye, na kila mwaka tarehe 13 Oktoba ni siku ya kumkumbuka.

Sisi Wakongomani tulikuwa na Lumumba wetu, aliyeuawa Januari mwaka huohuo. Mwaka mmoja, majirani wawili, kila mmoja alipoteza aliyemtegemea. Mwanamemba mmoja anasimulia kwamba mwenye nyumba wake, mzee Mrundi wa Bwiza, kila tarehe 13 Oktoba alikuwa anamwita wakae pamoja, kila mmoja anamsimulia mwenzake juu ya marehemu wake. Hawakuwahi kutoza kodi ya nyumba siku hiyo, anasema, hata ikiwa imepita tarehe.

Namna ya kwenda na namna ya kukaa

Sasa tuje kwa anayevuka kesho.

Ukiwa katikati ya mji na una saa moja tu, shuka upande wa bandari mpaka Cercle Nautique. Hapo si mahali pa kuoga. Ni mahali pa kuketi juu ya maji mwisho wa mchana na kuangalia viboko. Wanapumua, wanazama, wanainuka tena, na watoto hawachoki. Kinywaji hapo si bei ya mama muza-ndizi, kwa hiyo agiza kimoja, ukinywe polepole.

Ukiwa na siku nzima, nenda plaji zenyewe, upande wa barabara ya Uvira. Maarufu ni Saga, mchanga mrefu ulionyooka, na mbele zaidi Kajaga. Basi ndogo za Gatumba zinakushusha karibu, na baiskeli za abiria hazikosi. Jumapili asubuhi tulikuwa tunakutana na vikundi vya vijana wanakimbia na kuimba kuelekea majini, juu Buja inapenda michezo kuliko miji mingi. Mchana ni mpira wa miguu na wa mikono, familia chini ya miti, wapiga picha, wauza karanga na mayai ya kuchemsha. Jioni ni muziki.

Hoteli na baa zilizoko kando ya maji zimefunga sehemu kubwa ya ukingo kwa meza na viti vyao. Wengi wanakuacha upite ukinunua kitu. Sisi tulikuwa tunafanya hivi: familia tatu zinakuja pamoja, zinaagiza sahani moja kubwa ya mukeke wa kuchoma na ndizi za kukaanga, soda chache kwa watoto, na mfuko wa viazi vitamu vya nyumbani unabaki chini ya meza. Hakuna aliyetufukuza, ila mhudumu mmoja alikuwa anatuita "wageni wa sahani moja". Kama pesa ni kidogo kabisa, tafuta sehemu ya wavuvi. Hapo hakuna kiti, lakini ndagala zinaanikwa mbele yako, na mtu atakuuzia kidogo za kwenda nazo nyumbani kwa bei ya kweli.

Kaeni mpaka giza, kama mna mahali pa kulala mjini. Ikiwa hakuna mbalamwezi, wavuvi wanatoka na taa zao. Kipe baada ya kipe, mitumbwi iliyofungwa pamoja, inatawanyika mpaka ziwa linaonekana kama mji mwingine. Taa zinavuta ndagala juu, na mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaji, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Mgeni akikuuliza kwa nini jana kulikuwa taa na leo hakuna, mwambie aangalie juu.

Mambo ya usalama, tunayasema kwa ba mama na ba baba wenye watoto:

Kiboko anatoka majini jioni kwenda kula majani na anarudi kabla ya asubuhi. Hana shida na mtu aliye mbali naye. Shida ni mtu aliyesimama kati yake na maji. Giza likiingia, toka ukingoni, tembea barabarani penye taa.

Mamba wako, hasa upande wa mdomo wa Rusizi. Yule mkubwa aliyepewa jina Gustave na Mfaransa mmoja aliyekuwa anamfuatilia amejulikana dunia nzima kwa filamu ya mwaka 2004, na hesabu ya watu aliowala inaongezeka kila inaposimuliwa. Hakuna aliyehesabu kwa kweli. Lakini mamba wa kawaida anatosha. Oga pale watu wengi wanaoga, mchana, usiende peke yako, usiingie penye matete.

Penye majani na maji yaliyotulia kuna konokono wanaoleta bilharzia. Mchanga mtupu wenye mawimbi ni bora. Na usinywe maji ya ziwa bila kuyachemsha, hata yakionekana safi namna gani. Sisi wa Uvira hatuhitaji kufundishwa kipindupindu ni nini.

Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo wa kusini unaleta mawimbi makubwa mpaka huku kaskazini. Anayejua kuogelea mtoni hajui ziwa. Watoto wabaki maji ya magoti.

La mwisho: beba kitambulisho. Wengi wetu tunakumbuka zile Jumapili ambazo furaha ilikatwa na upekuzi wa karatasi, mwenye karatasi anapita, asiye nayo anapandishwa gari. Mwenzetu mmoja alilala siku mbili ndani akiwa na suruali ya kuogelea tu, juu nguo zake na kitambulisho vilibaki kwa mtoto aliyekimbia. Leo anacheka. Siku ile hakucheka.

Mahali ambapo tunashusha sauti

Barabara ya kwenda plaji ndiyo barabara ya Gatumba. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya muda ya wakimbizi pale Gatumba, watu zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, karibu wote Wakongomani Banyamulenge waliokuwa wamekimbia vita vya Kivu ya Kusini mwaka uleule. Walikuwa wamefika karibu kabisa na mpaka, wanaona milima yao kama sisi tulivyoiona.

Katika chama chetu tuko watu wa makabila yote ya Uvira na Fizi, na tunajua kwamba maneno juu ya Gatumba yanaweza kuwasha moto. Sisi hatuandiki ili kuwasha. Tunaandika kwamba walikuwa majirani zetu, walikimbia kama sisi, na hawakurudi. Anayepita pale Jumapili akienda kuoga, azime muziki kidogo. Haitapunguza furaha yake.

Ziwa linarudi kulala

Sasa turudi kwa parsela.

Baada ya kushuka kule kwa zamani, ziwa halikukaa palepale. Mwisho wa mwaka 1961 mvua kubwa zilinyesha Afrika ya Mashariki yote, na maji yakapanda mpaka mwaka 1964. Wazee waliokuwa vijana wakati huo wanakumbuka bandari zilizofunikwa na nyumba za kando zilizoachwa. Halafu maji yakashuka tena polepole, mchanga ukaonekana, na watu wakasahau. Vizazi viwili vilitosha kusahau. Kwenye mchanga uliosahauliwa ndiko kulijengwa baa, hoteli na majumba ya ghorofa.

Si kwamba hakukuwa sheria. Kodi ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataka mita 150 ziachwe wazi kando ya Ziwa Tanganyika. Wengi walijenga ndani ya hizo mita 150, wengine wakiwa na karatasi zenye mihuri mkononi. Kisha mvua za 2019 na 2020 zikaja, na ziwa likaanza kupanda tena. Aprili 2020 Rusizi ilitoka kwenye njia yake na kufunika Gatumba, maelfu wakahama. Mwezi huohuo hapa Uvira Mulongwe ilishuka usiku na kuua watu wetu, na hakuna haja ya kuwakumbusha. Mwaka 2021 maji yaliingia Kibenga na Kajaga, ndani ya nyumba za watu wenye uwezo na za maskini bila kuchagua. Plaji tulizozijua zilikuwa zimebaki vichwa vya miavuli ya majani juu ya maji. Mwaka 2024 ziwa likapanda tena, huko na huku, Bujumbura na Uvira na Kalemie na Baraka. Kutoka 1964 mpaka 2021 ni miaka 57. Mtu aliyekuwa mtoto mara ya kwanza alikuwa mzee mara ya pili, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Mwanamemba mwenzetu mmoja, mama mwenye watoto watano, alikuwa ameweka akiba yote ya miaka yake ya Buja katika nyumba ya vyumba viwili karibu na maji. Aliyemuuzia alimwonyesha muhuri. Maji yalipoingia alipanda juu ya kitanda, halafu juu ya meza, halafu akatoka na mtungi na magodoro mawili. Muuzaji hakupatikana. Muhuri bado anao, anautunza ndani ya nailoni, na ndio aliouonyesha katika ule mkutano wakati watu walipokuwa wamenyamaza. Akaketi bila kusema neno.

Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano ya pamoja mwaka 2003, na ofisi yake iko Bujumbura. Ni jambo zuri. Lakini mapatano hayatamzuia mtu kununua mchanga kwa jirani yake jioni moja hapa Uvira. Hilo ni sisi tu tunaweza kulizuia.

Basi, kabla ya mkutano ujao, tunapendekeza mambo matatu kwa wanamemba. Kwanza, sanduku lisitoe mkopo wa kununua ardhi kando ya ziwa ambayo wazee wa mahali wanakumbuka iliwahi kufunikwa, iwe ina muhuri au haina. Anayetaka kununua aje na wazee wawili waliokuwapo mwaka 1964, au watoto wao waliosimuliwa. Pili, mwenzetu aliyeomba asiachwe mikono mitupu. Tumsaidie kutafuta mahali pa juu, na kama bei ni kubwa zaidi, sanduku lijadili kuongeza. Tatu, mchanga unaobaki mbele yetu ubaki wa wote: wavuvi waanike, ba mama wafue, watoto wacheze, na siku maji yakiutaka, yauchukue bila kumuua mtu.

Tulipokuwa Bujumbura tulipata raha kubwa kwenye mchanga ambao haukuwa wetu, na wenyeji wengi walitusogezea nafasi. Watoto wetu wanataka Jumapili kama zile hapa nyumbani. Wanaweza kuzipata bila mtu yeyote kumiliki ukingo. Mwenye kumbukumbu, picha au neno la kusahihisha alete kwa katibu kabla ya mkutano, na mwenye mzee wa 1964 nyumbani kwake, tunamwomba aje naye. Tutamwekea kiti mbele.